Wakili wangu wa mafao ya ulemavu Marekani: alichokula, alichorudisha, na kama alistahili

Nampa nyota nne kati ya tano. Kila nikikutana na watu wetu hapa Columbus, Ohio, wakijua nimeshinda kesi ya Social Security (shirika la serikali ya Marekani linalolipa mafao ya ulemavu na ya uzeeni), swali ni lile lile: "Dada, si wakili kaondoka na robo ya hela zako?" Robo aliipata. Lakini ukiishia kwenye neno robo hujajua nimelipa nini, na kuna wagonjwa wanaogopa kutafuta wakili kwa ajili ya neno hilo tu.

Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa mpaka mgongo ukagoma. Niliomba mafao ya ulemavu yanayotokana na kodi ya mshahara, nikakataliwa, nikaomba waangalie upya, nikakataliwa tena. Kabla ya kusikilizwa na jaji wa Social Security ndipo nikamchukua wakili. Hakutaka hata senti ya kuanzia.

Mkataba wake ulikuwa wa kawaida kwa kesi hizi: asilimia 25 ya malimbikizo, yaani fedha ulizopaswa kulipwa tangu ulipostahili hadi siku ya uamuzi. Hundi za kila mwezi zinazofuata hazigusi. Ukishindwa, hana ada. Tena kuna dari: robo au kiwango kilichowekwa na Social Security, kile kilicho kidogo. Kiwango hicho kilikuwa dola 6,000 tangu 2009, kikapanda 7,200 mwishoni mwa Novemba 2022, na 9,200 mwishoni mwa Novemba 2024. Kwa dari hiyo ya 9,200, mwenye malimbikizo ya dola 20,000 analipa 5,000, na mwenye 50,000 analipa 9,200, si 12,500. Social Security wenyewe ndio wanaozuia fedha hiyo na kumlipa wakili, na makato yao kwa kazi hiyo yanatoka kwenye fungu lake. Haruhusiwi kukudai wewe uyafidie.

Kesi yangu haikuishia hapo. Jaji alinikatalia, Baraza la Rufaa la Social Security likakataa kuingilia, tukaenda mahakama ya shirikisho. Hapa dari hiyo ya Social Security haipo. Sheria inasema tu ada isizidi asilimia 25 ya malimbikizo, na hakimu lazima aridhike kwamba ni ya haki. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Gisbrecht, ilisema hakimu aanze na makubaliano ya mteja na wakili wake, halafu apime: kazi ilikuwa ya kiwango gani, matokeo yalikuwaje, je, wakili ndiye aliyechelewesha kesi, na je, malipo ni makubwa mno kwa saa alizofanya kazi?

Hilo la kuchelewesha nililishikilia sana. Malimbikizo yanaongezeka kila mwezi kesi inapolala, na robo ya wakili inakua nayo. Mtu anayeomba mahakama nyongeza ya muda kila mara anajinenepesha kwa njaa yako. Nilipopata nakala ya maombi yake ya ada niliangalia tarehe moja moja. Wangu aliwasilisha hoja zake kwa wakati. Siku za ziada ziliombwa na upande wa serikali. Na hoja zenyewe zilikuwa na uzito: alionyesha kwamba jaji wa kwanza aliipuuza ripoti ya daktari wangu bila kueleza sababu. Kesi ikarudishwa Social Security, nikasikilizwa upya, nikashinda.

Malimbikizo yalifika kama dola 60,000, naye akaomba robo kamili, 15,000, kwa saa 28 za kazi ya mahakamani. Ukigawanya ni zaidi ya dola 500 kwa saa. Shemeji yangu aliruka aliposikia. Mimi sikupinga. Saa hizo zilifanywa bila mtu yeyote kujua kama zitalipwa, na wateja wake wanaoshindwa hawamlipi kitu. Hakimu naye aliidhinisha.

Sehemu ambayo wengi hawaijui ni ada inayotoka serikalini. Kuna sheria iitwayo EAJA: ukishinda mahakamani na msimamo wa serikali haukuwa na msingi wa kutosha, serikali hulipa ada ya wakili kwa saa. Kiwango cha msingi ni dola 125, nacho huongezwa kufuatana na gharama za maisha. Wakili akipata ada hiyo pamoja na ile ya robo kwa kazi ile ile ya mahakamani, lazima akurudishie iliyo ndogo. Kwangu EAJA ilikuwa kama dola 6,000, nikarudishiwa yote. Kwa hiyo nilichomlipa kweli ni 9,000. Ila kama unadaiwa na serikali kuu, fedha ya EAJA inaweza kukatwa kulipia deni hilo kabla hata haijamfikia wakili.

Nyota ya tano ilipotelea ofisini kwake. Hundi ya EAJA ilipokuja hakuna aliyenieleza kitu. Nilipiga simu mara nyingi kabla msaidizi wake hajanifafanulia. Tena nilitumiwa ankara ya nakala za faili za hospitali. Gharama hizo zinaruhusiwa nje ya ada, lakini zitajwe mapema, kwa kiasi, kwa mtu asiye na mshahara.

Jambo la kumwuliza wakili kabla hujaweka sahihi: mkikwenda mahakamani, atadai pia ada ya kazi aliyoifanya kwenye Social Security yenyewe? Kesi ya Culbertson ya 2019, ya Mahakama ya Juu hiyo hiyo, iliamua kwamba ukomo wa asilimia 25 wa mahakamani hauhesabu ada hiyo nyingine. Fungu linalozuiliwa ni robo moja tu, kwa hiyo kinachozidi anaweza kukufuata nacho wewe mwenyewe, akiidhinishiwa. Wangu aliandika kwenye mkataba kwamba jumla ya ada zote haitavuka robo, na hivyo ndivyo alivyofanya. Nimeshampeleka mama mmoja Mkongo kwake, na kabla ya sahihi tulikisoma kifungu hicho pamoja na mkalimani.