Nilipasukiwa tairi njia ya Magu, dukani nikaambiwa tairi si mkate

Niseme ukweli mapema kabla hasira haijanipanda: kwenye mafuta, matairi manne niliyonunua dukani hayakuniangusha. Toyota Aqua yangu ilikuwa inanipa kilomita 22 au 23 kwa lita nikitoka Buhongwa kwenda kazini mjini Mwanza na kurudi, na nilipoyafunga nikaanza kuona 24 siku ambazo Mkolani hakuna foleni. Wiki za mwanzo niliyasifu kwa kila mtu. Niliwaelekeza wenzangu wawili wa ofisini waende duka lile lile. Hao ndio niliowapigia simu kwanza, kabla hata ya ndugu zangu, kuwaomba radhi na kuwaambia wapige magoti chini wasome matairi yao.

Gari ni la kwangu. Nimelinunua kwa mkopo wa saccos, bado nakatwa mshahara, na nililichagua kwa ajili ya mafuta. Matairi yaliyokuja nalo kutoka Japani yalipokwisha kashata, ile mistari inayoshika barabara, yakabaki vipara, sikutaka kufunga chochote kinachozunguka ilimradi. Tairi la kubana mafuta lina kazi yake. Kila linapogusa lami linajibonyeza, likiachia linarudi, na katika kule kujibonyeza na kurudi kuna nguvu inayopotea kwa joto. Nguvu hiyo umeilipia sheli. Ndiyo maana wanaotengeneza matairi haya wanachanganya mpira na silika, unga wa madini yale yale ya mchanga, badala ya kutegemea masizi peke yake, ili lipoteze kidogo na bado lishike kwenye maji. Japani wanabandika lebo kabisa: ubanaji wa mafuta unaanzia AAA kushuka mpaka C, na ushikaji kwenye lami yenye maji unaanzia a ndogo mpaka d. Mimi namshauri mtu wa Mwanza aanze na hiyo ya pili. Mji wetu ni mawe na miteremko, na mvua ikija kutoka ziwani haibishi hodi.

Basi nikaenda dukani nikiwa na saizi yangu nimeiandika. Duka sitalitaja, na tafadhali msinifuate pembeni kuniuliza. Muuzaji ni mtu wa makamo, alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Akanitolea 185/65 wakati gari langu linavaa 175/65 za rimu 15; namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. "Mama, hii inaingia tu, watu wanafunga kila siku." Nikakataa. Kuingia inaingia, lakini mzunguko wake ni mrefu zaidi, karibu asilimia 2, kwa hiyo spidi inasoma pungufu na kilomita zinahesabiwa chache kuliko ulizotembea. Mtu anayefuatilia ulaji wa mafuta kama mimi atakuwa anahesabu uongo kila akijaza. Akacheka kwa wema, akasema, "Mama unayajua mambo," akamtuma kijana stoo. Yakaja manne, meusi, yanang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu. "Mzigo mpya, umeshuka juzi." Nikalipa karibu laki saba. Vijana wakafunga, wakafanya balansi, nikaondoka na furaha yangu.

Mvua za vuli zilipoanza nilipata dalili moja nikaipuuza. Nilikuwa nateremka kutoka Bugando, nikashika breki mapema kabisa, gari likaendelea kuteleza kama urefu wa magari mawili ndipo likasimama. Nikajiambia ni barabara, pengine kuna oili imemwagika. Leo naamini mpira ulikuwa umeshakuwa mgumu kama kwato. Na huenda ugumu huo huo ndio ulionipa zile 24 nilizokuwa najivunia, ingawa hapo siwezi kuapa.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa namrudisha mama yangu Magu baada ya kliniki yake ya Bugando. Tumeshapita Kisesa, tumepita Nyanguge, hatujafika daraja la Simiyu, mwendo wa kawaida kabisa kwa sababu mama hapendi kukimbizwa. Nikasikia mlio kama mtu amepiga bati kwa nyundo, usukani ukavuta kushoto, nyuma yangu kuna basi la kwenda Musoma. Sikukanyaga breki. Niliachia mafuta, nikashikilia usukani kwa mikono yote miwili, gari likaingia kwenye vumbi la pembeni na basi likapita likipiga honi mpaka likapotea. Mama alikuwa ameshika mkoba wenye dawa zake kifuani. Hakusema neno. Aliponiangalia nikaona midomo inatetemeka, na mimi ile midomo ndiyo inayonifanya niandike haya yote.

Wenye Aqua mnajua: nyingi hazina spea. Ukifungua nyuma unakuta kikompresa na chupa ya dawa ya kuziba. Ile dawa inasaidia msumari ukichoma kwenye kashata. Tairi likipasuka ubavuni ni kama kumwagia maji mchangani. Hiyo nayo ni lawama yangu kwa gari lenyewe, na tangu siku ile nimenunua rimu ya tano. Nilimkalisha mama chini ya mti, jua la mchana, na yeye katoka hospitali. Kijana wa bodaboda akanisaidia kufungua gurudumu kwa jeki aliyoazima kwa dereva wa fuso, tukalipeleka Nyanguge kwa fundi pancha. Mama nilimwacha na dada mmoja aliyekuwa anauza viazi vitamu. Dada yule alimpa maji na kukaa naye muda wote, na nilipotaka kumpa chochote alikataa.

Fundi alilivua tairi kwenye rimu, akalipindua, akapangusa ule upande uliokuwa ndani kwa kitambaa chenye petroli. Weusi wa kung'aa ukatoka, chini yake kukawa na nyufa nyembamba zimesambaa kama udongo wa mbuga kiangazi. Halafu akanionyesha kwa kidole. "Dada, hii umenunua mpya?" Nikasema ndiyo. "Soma hapa." Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna mfululizo wa herufi na namba za kiwandani, na mwisho wake tarakimu nne: 2315. Wiki ya 23, mwaka 2015. Akasema, "Hili linalingana na mwanangu wa darasa la nne."

Nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo nilipoibiwa. Kwa kawaida zile tarakimu nne za wiki na mwaka zinakuwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili unaweza kukuta herufi DOT lakini mwisho umekatika, tarehe haipo. Matairi yangu yote manne yalifungwa upande wenye tarehe ukiwa ndani. Moja ningesema bahati mbaya. Manne? Wale vijana walijua wanachofanya, au waliambiwa. Niliporudi Mwanza nililala chini ya gari na tochi ya simu, nikayasoma matatu yaliyobaki. Mawili ni 2315, moja ni la mwaka unaofuata.

Nilikwenda dukani kesho yake au keshokutwa, sikumbuki, usingizi haukuwepo. Nilibeba lile lililopasuka. Niliingia kwa adabu, nikaamkia, nikaeleza. Alikuwa anakula. Hakuinuka. Alimaliza tonge, akaniangalia, akasema mbele ya vijana wake na wateja wawili: "Mama, tairi si mkate useme limeota ukungu." Vijana wakacheka. Nikamwonyesha namba. Akasema hizo ni namba za kiwandani, hazinihusu. Nikamwambia mama yangu alikuwa ndani ya gari. Ndipo aliposema: "Nenda kamlete mwenye gari, mwanaume, tuelewane naye."

Mwenye gari! Nimesimama mbele yake, risiti aliyoniandikia ina jina langu, laki saba nimemhesabia mkononi mwake mwenyewe. Siku ya kununua nilikuwa mama ninayeyajua mambo. Siku ya kudai nikawa mke wa mtu aliyetumwa. Kama angenifokea tu ningesahau. Baadaye alikubali kunibadilishia moja, si manne, na alilolitoa nikaligeuza kabla hajasema kitu. Upande mmoja hauna tarehe. Wa pili umekwanguliwa. Nikaliweka chini nikatoka, sikumjibu, kwa sababu ningefungua mdomo ningelia na nisingempa raha hiyo.

Sasa nimefunga mengine, nimeyapata Igoma kwa kijana mdogo tu. Kabla ya bei alilisimamisha tairi, akawasha tochi, akasema, "Dada anza kusoma hapa." Yametoka kiwandani mwaka jana. Nililipa nusu, nusu nikaimalizia kikoba kilipozunguka. Nilitaka kununua mawili kwanza nifunge mbele, akanikatalia: mapya yanakaa nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka na huliwezi. Tulibishana pale karibu nusu saa mpaka nikaamua kuchukua manne. Upepo alijaza kwa kipimo, akifuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Je, yanabana mafuta? Yanabana, lakini si kama yale. Napata 22, siku mbaya 21. Mwanzoni iliniuma, nikawa naangalia ile namba kwenye dashibodi kila nikisimama. Juzi mvua imenikuta pale pale nateremka Bugando, nikashika breki, gari likasimama nilipotaka. Sijaiangalia namba tena mpaka nimefika nyumbani.

Kwa hiyo msininukuu kwamba nimesema matairi ya kubana mafuta ni mabaya. Nilishasema hivyo kwa hasira mbele ya watu kadhaa, na nimefuta. Sijui hata kama yale manne yalikuwa ya aina hiyo kweli. Aina ikiwa nzuri na tarehe ikawa ya zamani, umenunua kifo polepole. Mkifika dukani, yapindueni pande zote mbili yakiwa bado chini, na yakishafungwa rudieni kuyaangalia.

Matatu yaliyobaki yako uani kwangu. Wameshakuja watu wawili kuyaulizia, mmoja ana gari la Toyota IST na anasema atayatumia mjini tu. Nimekataa. Jumamosi anakuja fundi wa makatambuga kutoka Nyakato, nimempa bure kwa sharti kwamba ayakate hapa hapa, nikiwa nimesimama.