Usome kiasi gani kabla ya kupanda rola kosta? Mapitio ya RCDB, video za kiti cha mbele na kurasa za bustani

Watu wa Arusha wanaokwenda Dubai kufuata mzigo au kupumzika wameanza kuongozana na watoto, na ukiongozana na watoto utaulizwa tu kuhusu Abu Dhabi, kwa sababu huko, katika Kisiwa cha Yas, ndiko iliko Ferrari World, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 2010 ambayo sifa yake kubwa ni rola kosta, yaani treni ya michezo inayokimbia kwenye reli zenye miinuko na miteremko mikali, iitwayo Formula Rossa. Tiketi si ya bei rahisi na siku yenyewe ni moja, hivyo kabla ya kuondoka uwanja wa ndege wa KIA mzazi hujikuta ameshika simu akijiuliza asome kiasi gani. Akisoma kidogo mno, anaweza kufika mlangoni na mtoto asiyeruhusiwa kupanda. Akisoma kupita kiasi, atapanda kitu ambacho macho yake yamekwisha kukizoea akiwa sebuleni kwake Njiro. Nimetumia vyanzo vitatu, vyote vya bure: hifadhidata ya Roller Coaster DataBase, video zinazopigwa kutoka kiti cha mbele, na kurasa za bustani zenyewe. Kwa maoni yangu vyanzo hivi havistahili kupewa uzito sawa, na kile kinachopendwa kuliko vyote ndicho ninachokipa alama za chini.

Nianze na kile kilichonifurahisha. Roller Coaster DataBase, ambayo wazoefu wake huiita RCDB, ilianzishwa mwaka 1996 na Mmarekani Duane Marden, na hadi leo haina madoido. Kila rola kosta ina ukurasa wake wenye jina la kampuni iliyoitengeneza, mwaka ilipofunguliwa, kimo, urefu wa reli, kasi, idadi ya mara ambazo abiria hupinduliwa kichwa chini, pamoja na picha. Hakuna muziki, wala mtu anayekupigia kelele ubonyeze kitu. Ukurasa hufunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu, na haumalizi bando, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu video. Hata asiyekijua Kiingereza vizuri ataambulia kitu, maana sehemu kubwa ya habari iliyomo ni namba.

Ubora wa namba ni kwamba humwandaa msomaji bila kumwonyesha. Formula Rossa ina kimo cha mita 52, reli yake inazidi kilomita 2, na treni hufikia kasi ya kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi. Ilipofunguliwa mwaka 2010 ndiyo iliyokuwa na kasi kuliko zote duniani. Basi la abiria katika barabara ya Arusha na Moshi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo tunazungumzia mara tatu ya kasi hiyo, na inafikiwa kabla hujamaliza nusu ya Baba Yetu. Mtu mzima akisoma hivyo anajua mara moja kama moyo wake unataka jambo la namna hiyo au hautaki, na bado hajaona kona hata moja. Huo ndio ujuzi ninaouona wa kutosha kwa watu wengi.

Hata hivyo namba zina kasoro zake. Space Mountain, iliyofunguliwa mwaka 1975 katika Walt Disney World huko Florida, haifikii kilomita 50 kwa saa, na bodaboda yoyote inayowahi abiria stendi inaweza kuipita. Anayelinganisha kwa kasi pekee ataidharau, asijue kwamba inakimbia ndani ya jengo lenye giza, ambamo macho hayawezi kuutahadharisha mwili kwamba kona inakuja, na kwa hiyo kila mgeuko mdogo unakuwa mshtuko. RCDB haiwezi kuweka giza katika safu ya namba. Vilevile sikukuta humo masharti ya kimo cha abiria wala maonyo ya afya, na hayo, kama nitakavyoeleza, ndiyo yanayowaliza watoto mlangoni.

Sasa video za kiti cha mbele. Zipo kwa maelfu, zimepigwa kwa kamera iliyofungwa imara, na ndizo ambazo watoto hutafuta kwanza. Nina malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba zinaeleza vibaya kile kinachowafanya watu wapande. Raha ya rola kosta haimo machoni; imo tumboni, pale treni inapovuka kilele na kuanza kushuka huku mwili ukitaka kuendelea kupanda, mapaja yakaachana na kiti na chuma cha kukuzuia kikawa ndicho kinachokushikilia. Kamera haina tumbo. Inaonyesha reli ikipanda na kushuka kwa utulivu, na mtazamaji anahitimisha ama kwamba mchezo ni mwepesi, ama kwamba ameuelewa, na yote mawili si kweli. Formula Rossa katika video ni upepo unaokoroma kwenye kipaza sauti na reli nyekundu inayopita haraka. Katika kiti chenyewe unapewa miwani ya kukinga macho ambayo mkanda wake hubana juu ya masikio, treni inasimama kimya kwa muda ambao hujui ni mrefu kiasi gani, kisha kisogo kinagonga egemeo la kichwa na mashavu yanavutwa kuelekea masikioni. Niliposhuka midomo ilikuwa imekauka kabisa. Hakuna video niliyoiona iliyonitahadharisha kuhusu midomo.

La pili ni kwamba zinaua siri pale ambapo siri ndiyo mchezo wenyewe. Mfano mzuri uko Alton Towers nchini Uingereza, kwenye rola kosta iitwayo Thirteen iliyofunguliwa mwaka 2010. Asiyetaka kuharibiwa aruke sentensi inayofuata. Treni huingia gizani na kusimama, kisha kipande kizima cha reli kilichoibeba hudondoka wima kwa mita kadhaa, na baada ya hapo treni hutoka kinyumenyume. Ukiliondoa jambo hilo, Thirteen haina mengi ya kushangaza, na kimo chake si cha kutisha. Aliyeiona kwenye simu amebakiwa na treni ya kawaida yenye foleni ndefu. Hali si mbaya kiasi hicho kwa Expedition Everest ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambayo nayo ina sehemu ya kurudi nyuma gizani, kwa kuwa mlima wake wa bandia na mteremko wa mwisho vinatosha kumfurahisha hata anayejua kila kitu.

Pamoja na hayo, yupo mtu mmoja ambaye ningemfungulia video bila kusita, naye ni mwoga. Tulipokuwa tunajiandaa, mtoto wa kiume wa kaka yangu aliziba masikio kila jambo hili lilipotajwa mezani. "Shangazi, shikamoo, lakini tafadhali usiniambie chochote," ndivyo alivyoniamkia asubuhi moja kwa kuwa aliniona nimeshika simu. Dada yake alikuwa kinyume kabisa. Yeye alitaka kujua treni inageukia wapi, mteremko uko baada ya kona ya ngapi, na safari nzima inachukua muda gani, na kila alipopata jibu mabega yake yalishuka kidogo. Kwa mtoto wa namna hiyo hofu inatokana na kutojua mwisho uko wapi. Video ilimpa mwisho. Alihesabu kona akiwa kitini, kwa sauti, na akashuka akitaka kurudi tena. Kaka yake naye alipiga ukelele ambao nina hakika usingetoka kama angekuwa ameona. Kosa ni kuwakalisha wote wawili mbele ya simu moja kwa sababu tu ni ndugu.

Watetezi wa video hupenda kutaja utafiti wa mwaka 2011 wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ulioonyesha kwamba wasomaji walizifurahia hadithi fupi zaidi walipoambiwa mwisho wake mapema. Sioni kama unahamishika. Hadithi ina maneno ya kufurahia njiani hata ukijua inaishia wapi; mchezo wa dakika moja na nusu hauna nafasi hiyo.

Mfano ninaouamini zaidi uko karibu na nyumbani. Binamu yangu wa Moshi ni mwongoza watalii mlimani, na jioni ya kuamkia safari ya njia ya Machame huwaketisha wageni wake na kuwaeleza kwa ukali mambo ya mwili: maji ya kunywa, maumivu ya kichwa na dalili nyingine ambazo mtu hapaswi kuzificha, nguo za usiku wa kuelekea kileleni. Kuhusu ukuta wa Barranco, ambao mgeni ataupanda kwa mikono na miguu, husema tu kwamba upo na kwamba wote wataupita. Hawachorei hatua zake. Akiulizwa kwa nini, anajibu kwamba aliyeelezwa ukuta huo hatua kwa hatua huanza kuuogopa tangu getini, na kumbe unapitika. Nimegawanya habari za Ferrari World kwa mpango huo huo.

Hapo ndipo chanzo cha tatu, yaani kurasa za bustani zenyewe, kinapopata thamani yake. Zimejaa matangazo na picha za watu wenye meno meupe, na anayetafuta habari ya maana lazima ashuke chini sana. Lakini huko chini ndiko kuna masharti ya kimo, maonyo kwa wajawazito na wenye matatizo ya moyo, mgongo au shingo, na orodha ya vitu visivyoruhusiwa kitini. Haya yanapaswa kusomwa yote, neno kwa neno, na kila mtu, hata yule asiyetaka kujua chochote. Space Mountain na Expedition Everest, kwa mfano, zote mbili zinataka abiria awe na kimo kisichopungua sentimita 112, na mfanyakazi wa lango hana mamlaka ya kumhurumia mtoto aliyepungukiwa.

Nasisitiza kwa sababu wakala mmoja wa safari mjini hapa alituuzia tiketi za watoto bila kutamka neno kuhusu kimo, na nilipomrudia alisema kwamba hilo ni suala la bustani. Labda ni kweli kisheria, ila mteja anayelipa ada ya wakala anatarajia kuambiwa. Tuliazima futi ya kitambaa kwa fundi cherehani wa jirani, tukamsimamisha yule mdogo wa mwisho wa watoto wa kaka yangu kwenye fremu ya mlango bila viatu, visigino vikigusa ubao, kitabu kikiwa kimelazwa juu ya kichwa. Alipungukiwa upana wa vidole viwili. Alilia siku hiyo hiyo nyumbani, akanyamaza, na tukamtafutia kwenye ukurasa huo michezo inayomfaa. Kulia Arusha kuna nafuu kuliko kulia Abu Dhabi baada ya foleni.

Kuhusu kichefuchefu hakuna ukurasa utakaokusaidia kama barabara. Mtoto anayetapika gari likipanda kona za kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu atasumbuliwa na michezo inayozunguka, kwa sababu tatizo ni lile lile la sikio la ndani kuhisi mwendo usiolingana na kile macho yanachokiona. Mlishe chakula chepesi, na mwambie atazame mbele asiiname. Dawa aulizwe mfamasia kabla ya safari.

Kuna ujuzi mwingine ambao huongeza raha bila kufichua kitu, na ningependa vyanzo hivi viueleze zaidi. Viti vya mbele vina mandhari na upepo, lakini viti vya nyuma huvutwa kuvuka kilele wakati treni imekwisha kushika kasi ya kushuka, na tumbo hupanda zaidi huko. Anayejua hivyo anaweza kumweka mwoga katikati na kukaa nyuma mwenyewe. Ipo pia michezo isiyoharibika kwa kutazamwa, kama Tower of Terror ya Florida, lifti inayodondoka na abiria ndani yake, ambamo kompyuta huchagua mpangilio wa mianguko. Utazame video mara ngapi, lifti haitaanguka lazima kama ulivyoona.

Kama mtu ana muda wa chanzo kimoja tu, asome masharti ya bustani. Akipata wa pili, afungue RCDB. Video nampa yule binti na wenzake, na wengine waziache hadi watakaporudi nyumbani, kwani kuzitazama baada ya kupanda kuna utamu wake. Tahadhari moja ya mwisho kuhusu hizo video ni kwamba hazifi. Kingda Ka, rola kosta ya New Jersey nchini Marekani, iliyokuwa na kimo cha mita 139, ilifungwa mwaka 2024 na mnara wake ukaangushwa kwa baruti mwaka 2025, lakini video zake bado zinasambaa shuleni kana kwamba mtu anaweza kukata tiketi kesho. Mwanafunzi mwenzake na mtoto wa kaka yangu alikuwa tayari amemshawishi baba yake aanze kuulizia nauli ya Marekani kwa ajili hiyo. RCDB huandika kama mchezo bado unafanya kazi au la, na mzee huyo angeepushwa na mazungumzo marefu kama mtu angemfungulia ukurasa huo kwanza.