Zoni ya nne ilivyonyamaza: uzoefu wangu na paneli ya king'ora cha wezi

Nina duka la vitenge na mashuka Tandika, Dar es Salaam. Vyumba viwili, cha mbele cha kuuzia na cha nyuma ndiyo stoo. Paneli ya king'ora nilifungiwa miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo imesasishwa mara tatu. Ukiniuliza leo, nyota tatu kati ya tano. Kuna kipindi ningeipa zote tano, na kuna wiki moja mwaka jana ningeing'oa ukutani kwa mikono yangu. Chapa siitaji, maana wenzangu wenye chapa nyingine wana visa vinavyofanana na vyangu, na sitaki mtu akimbilie jina jingine akidhani kapona.

Kwa asiyeijua: ni sanduku la bati, kubwa kuliko boksi la viatu kidogo, limekaa stoo juu ya mlango. Ndani mna bodi, transfoma, betri ya volti 12 ya 7Ah (ile nyeusi nzito inayokaa kwenye UPS nyingi), na kifaa kinachobeba laini ya simu ili kutuma meseji na kupiga. Ina zoni nane, yaani njia nane za waya za kuleta taarifa kwenye paneli, mimi natumia sita: sumaku za milango miwili, sensa tatu za mwendo, na kitufe cha dharura chini ya kaunta. Kibao cha namba kiko karibu na mlango wa mbele. King'ora chenyewe kiko nje, juu ya bango.

Mwaka wa kwanza sikujua kama ndani yake mna programu. Nilidhani ni waya tu, kama swichi ya taa. Niliyafahamu mambo ya programu kwa sababu ya saa.

Umeme ukikatika betri ilishika vizuri, sina lawama. Tatizo lilikuwa umeme ukirudi. Paneli ilijizima na kujiwasha upya, na saa yake inarudi 1 Januari 2000, saa sita kamili usiku. Mimi nilikuwa nimeitegesha ijiwekee ulinzi yenyewe kila siku saa nne usiku, kwa siku ninazosahau. Sasa Ijumaa moja umeme ukarudi saa saba mchana. Piga hesabu: kwa paneli, saa nne usiku ikafika kesho yake, Jumamosi, saa tano asubuhi, duka limejaa watu. Kibao kilianza kulia tii, tii, tii, hakuna aliyekijali. Nusu dakika baadaye king'ora kikapasuka. Mteja mmoja alikuwa amejifunga kitenge anajitazama kwenye kioo, akatoka nacho mbio mpaka upande wa pili wa barabara. Alirudi akakilipa bila kuomba punguzo, na nadhani ni aibu tu.

(Kwenye saa kuna jambo jingine ambalo si kosa la mtengenezaji. Fundi wa kwanza nilimwambia saa nne usiku, yeye akaandika 04:00. Paneli inahesabu kizungu, saa nne yetu ya usiku ni 22:00. Ukiitegesha yako, isome mwenyewe kwenye kioo cha kibao kabla fundi hajaondoka.)

Kero ya pili ilikuwa meseji. Mtandao ukipotea, paneli ilizipanga taarifa foleni, na ukirudi inazimwaga zote kwa mpigo, zile zile zikijirudia. Usiku mmoja niliamka na meseji zaidi ya hamsini za "umeme umekatika" na "umeme umerudi". Salio la ile laini likaisha papo hapo. Laini isiyo na salio kwenye king'ora ni pambo.

Nikamwita fundi mwingine, kijana ambaye ndiye aliyenifungia waya za stoo baadaye. Akabonyeza namba fulani kwenye kibao, akasoma. "Dada, programu dhibiti yako ni ya zamani sana. Hivi vyote walishavirekebisha." Wao mafundi wanaiita fimwea. Nilimwuliza kwa nini aliyeniuzia hakuniambia. Akacheka tu.

Kilichonifurahisha ni alivyoifanya kazi. Hakuchomeka laptop kwanza. Alifungua sanduku akapima betri: ikichajiwa ilisoma volti 13.6, akauzima umeme kwenye swichi kuu akasubiri kuona inashuka vipi. Nikamwuliza betri inahusiana nini na programu. Akanieleza kwamba wakati programu mpya inaandikwa kwenye bodi, ya zamani inafutwa. Umeme ukikata katikati na betri ikawa imechoka, unabaki na bodi isiyo na ya zamani wala mpya, na paneli nyingi za bei yetu haziwezi kujinasua hapo. Ndipo akanakili mipangilio yangu yote kwenye laptop, kisha akaanza. Dakika kama kumi na moja. Akarudisha mipangilio, akanitembeza duka zima tukijaribu zoni moja moja, kibao kinalia kila nikipita. Baada ya hapo saa haikupotea tena na meseji zikatulia. Hicho ndicho kipindi cha nyota tano.

Sasisho la pili ndilo lililonifunza.

Kampuni iliyoniuzia ilikuwa na huduma ya kusasisha kwa mbali kupitia intaneti. Nilipigiwa simu: hakuna haja ya fundi kuja, mama, sisi tunafanya kutoka ofisini. Kesho yake ikaingia meseji kwamba sasisho limekamilika. Nikaingia kwenye programu ya simu kuangalia nini kimebadilika, nikakuta sentensi moja: maboresho na marekebisho madogo. Taa ya kijani, zoni zote sawa. Nikaendelea na biashara.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja mlinzi wa safu yetu ya maduka, mzee wa makamo anayelinda pale tangu kabla sijafungua duka hili, akanisubiri mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama, jana usiku mlango wako wa nyuma ulikuwa wazi. Komeo halikuingia vizuri, upepo ukausukuma. Nimeufunga mimi. Lakini kile king'ora chako hakikulia."

Nakiri sikumwamini. Nilidhani ameota, au ana lake. Nikafungua kumbukumbu za paneli kwenye simu: ulinzi umewekwa saa tatu na dakika kumi usiku, umetolewa saa mbili asubuhi, katikati hakuna kitu. Nikamwonyesha. Akaangalia kioo cha simu, akasema taratibu, "Basi tujaribu."

Tukatoka wote, nikaweka ulinzi, tukazunguka nyuma. Nikafungua mlango. Kimya. Nikaingia stoo, nikapita mbele ya sensa ya mwendo, nikapunga mikono. Ile taa yake nyekundu inawaka, maana yake sensa inaniona. King'ora kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiki cha kwangu hakikuwa na mshindo wowote, na stoo ina mzigo wa miezi miwili.

Yule kijana alikuja siku hiyo hiyo. Zoni ya kwanza mpaka ya tatu na kitufe cha dharura zilikuwa nzima. Zilizokufa ni ya nne na ya tano, yaani mlango wa nyuma na sensa ya stoo, zile zile alizozifunga yeye kwa uangalifu kuliko zote. Ilimuuma, nilimwona. Akatoa mita yake akanionyesha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo maana ya maoni yangu yote.

Zoni za mbele zilifungwa kienyeji: waya mbili tu. Mlango ukifungwa njia imeungana, ukifunguliwa njia imekatika, king'ora kinalia. Udhaifu wake ni kwamba mwizi anayejua akiziunganisha waya zile mbili pamoja, paneli itaona mlango umefungwa milele. Stoo kijana aliweka rezista mbili ndogo (vipande vinavyouzuia umeme kiasi, na uzuiaji huo hupimwa kwa ohm) kule kwenye sumaku yenyewe, kila moja ohm 2,200. Mlango ukifungwa mita inasoma 2,200. Ukifunguliwa, umeme unalazimika kupita rezista zote mbili, inasoma 4,400. Waya ukikatwa haisomi kitu, ukiunganishwa inasoma sifuri. Hali nne tofauti, na paneli inazijua zote, mradi umeiambia zoni hiyo ina rezista mbili.

Sasisho lile lilifuta maelezo hayo. Likazirudisha zoni zote kwenye mfumo wa kienyeji. Kwa zoni za mbele haikuleta tofauti. Lakini stoo, mlango ukifunguliwa njia ilitoka 2,200 kwenda 4,400, haikukatika. Na paneli sasa ilikuwa inauliza swali moja tu: njia imekatika? Haijakatika. Basi salama. Kijana alifungua na kufunga mlango mara tatu huku nimeshika mita, namba zinapanda na kushuka, na kibao kinaniambia "sawa" muda wote.

Kilichonichoma zaidi kilikuja jioni. Kijana aliingia kwenye ukurasa wa mafundi wa mtengenezaji, unaohitaji nywila ya fundi aliyesajiliwa, akanisomea orodha ya matatizo yanayojulikana. Lilikuwemo. Ukitoka toleo fulani kwenda hili, hakiki aina ya waya za kila zoni, kisha fanya jaribio la kutembea. Mstari mmoja. Yanajulikana na nani sasa? Mwenye duka hakuambiwa, na aliyebonyeza kutoka ofisini ama hakuusoma au aliusoma akaona duka liko mbali. Nilipowapigia, jibu lilikuwa kwamba mfumo wao haukuonyesha hitilafu. Ni kweli, haukuonyesha. Ndiyo hitilafu yenyewe.

Wengine wakisikia hivi wanasema basi usisasishe kabisa, kikifanya kazi kiache. Nami nilitaka kufika huko. Kijana akanipa kisa cha Marekani. Februari 2016 mtafiti Andrew Zonenberg wa IOActive, kampuni ya usalama wa kompyuta, alitangaza kwamba king'ora cha SimpliSafe cha wakati ule kilikuwa kinatuma namba ya siri hewani bila kuificha, na kwa vifaa vya dola 250 hivi mtu angeweza kuinasa, akairudia na kuzima ulinzi. Tatizo lilipojulikana, halikuweza kuponywa kwa sasisho, kwa sababu chipu za vifaa vile zilikuwa za kuandikwa mara moja tu kiwandani. Dawa ilikuwa kubadilisha vifaa. Kwa hiyo paneli inayosasishika ni bora kuliko isiyosasishika, hilo nimelikubali. Nilichokataa ni kusasishiwa na mtu asiyekuwepo.

Sasisho la tatu tulilifanya na kijana, mchana wa Jumapili, duka limefungwa. Lilirekebisha lile kosa. Wiki iliyofuata paneli ikaanza kutuma "betri iko chini" kila alfajiri, nikaapa kwamba ni programu tena, wameharibu kingine. Kijana akaja, akapima, betri ilikuwa imechoka kweli. Miaka mitatu ya kukatika na kurudi kwa umeme. Paneli yangu hujipima betri kila siku, na toleo jipya linapima kwa mzigo badala ya kusoma volti juu juu. Betri mpya nilinunua 45,000. Kwa hiyo hapo niliisingizia, na nairudishia nusu nyota.

Mapungufu yaliyobaki: menyu za kibao hazina Kiswahili, na vifupisho vyake vya Kiingereza hata kijana anavikosea. Programu ya simu inakuonyesha zoni iko sawa lakini haikuonyeshi aina ya waya, unahitaji namba ya siri ya fundi. Na hiyo namba ya fundi! Miaka miwili yote yangu ilikuwa ile ya kiwandani, iliyochapishwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho mtu yeyote anakipata mtandaoni. Kampuni ilinigomea kunipa mpya, wakisema ni ya wataalamu. Niliwaambia duka ni la nani. Sasa ninayo, iko kwenye bahasha nyumbani, na kusasisha kwa mbali nimekuzima. Nyuma ya kifuniko cha sanduku nimebandika karatasi: toleo, tarehe, rezista za kila zoni, na nani alikuwepo.

Juzi programu ya simu imeleta taarifa kwamba kuna toleo jipya, maboresho na marekebisho madogo. Nimemtumia kijana meseji aje Jumapili na mita yake, na aanze na ile orodha yao kabla hajatoka nyumbani. Mzee mlinzi amesikia, naye amesema atakuja ingawa si zamu yake. Mlango wa nyuma ataufungua yeye.