Intaneti ya nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi ukikosa zote

Neno la kuchunga kwenye tangazo lolote la intaneti ni "hadi". Ukiambiwa "kasi hadi Mbps 100", kampuni imeahidi kwamba haitazidi hapo. Kushuka hakujakatazwa. Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa kasi ya juu kabisa ya kila njia, bali kwa jinsi njia hiyo inavyotulia saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamesharudi nyumbani na kila mmoja yuko kwenye skrini yake.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya mahitaji. Kampuni huuza kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, basi gawanya kwa 8. Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, na filamu ya GB 4 itachukua kama dakika 27 mambo yakienda sawa. Video ya HD kwenye televisheni inakula Mbps 5 hivi, ya 4K kati ya 15 na 25, na mkutano wa video Mbps 2 hadi 4 kwenda na kurudi. Nyumba ya watu wanne inatosheka na Mbps 30 hadi 50. Anayekusukumia Mbps 300 anajitafutia kamisheni.

Kinachoumiza zaidi ni kasi ya kupandisha, ambayo tangazo huiandika kwa herufi ndogo au haliitaji kabisa. Simu moja ikianza kupandisha picha za wiki nzima, na njia ya kupandisha ni Mbps 3 tu, foleni inajaa. Hata anayeshusha anaona kurasa hazifunguki, kwa sababu kila kinachoshushwa lazima kirudishe taarifa kwamba kimefika, na taarifa hiyo imekwama nyuma ya picha. Watu huishia kuilaumu wifi. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe "kupandisha ni ngapi?", bei ije baadaye.

1. Faiba inayoingia ndani ya nyumba

Ikifika mlangoni kwako, chukua hiyo na usihangaike na nyingine. Waya wa faiba unapitisha mwanga, hivyo mvua, radi na msongamano wa mnara havina nafasi kubwa ya kuuharibia kazi. Kwenye mfumo wa GPON, ambao ndio umeenea zaidi, tundu moja la kampuni lina Gbps 2.5 za kushusha na 1.25 za kupandisha, na kwa kawaida linagawiwa nyumba 32 au 64. Kifurushi cha Mbps 50 ndani ya hesabu hiyo hutulia bila shida.

Hakikisha tu kwamba ni faiba kweli. Wapo wanaoita faiba huduma ambayo waya wake unaishia barabarani au chini ya ghorofa, kisha inaendelea kwa waya wa shaba au kwa antena. Uliza: waya wenyewe wa faiba unaingia chumbani? Kama jibu linazungukazunguka, umeshajibiwa.

Siku ya kufungiwa ndiyo siku ya kuwa msumbufu. Fundi atataka kuweka kifaa karibu na mlango pale waya unapoingilia, kwa sababu kazi inaisha upesi. Mwombe akifikishe katikati ya nyumba, maana kuvuta mita kumi zaidi siku hiyo ni rahisi kuliko kumwita tena. Waya usipigwe kona kali. Pindo lenye nusu kipenyo cha sentimita 3 ni salama, chini ya hapo mwanga unaanza kuvuja. Kichwa cha waya cha kijani kimekatwa kwa mshazari, cha bluu hakikukatwa hivyo. Ukiona fundi anachomeka cha kijani kwenye tundu la bluu, msimamishe.

Kisha mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga. Namba itakuwa hasi, kwa dBm, yaani kipimo cha nguvu. Kati ya -15 na -25 uko vizuri. Ikikaribia -27 kifaa kitakuwa kinakatakata, hasa waya ukiguswa, na dawa yake ni kuunga upya kiungio au kusafisha kichwa, wala si kubadilisha rauta. Piga picha namba hiyo. Miezi sita baadaye, huduma ikianza kusuasua, utakuwa na cha kulinganishia.

Taa mbili za kujua: PON ikiwa ya kijani isiyopepesa, laini iko hai. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha hakutasaidia chochote. Hapo piga simu huduma kwa wateja na useme "LOS nyekundu" tangu sentensi ya kwanza. Utaruka nusu ya maswali yao.

Dalili nyingine inayopoteza watu muda: umelipia Mbps 200 na kila kipimo kinagota kwenye 94 hivi. Hilo si kosa la faiba. Waya wa Ethernet una nyuzi nane, na nyuzi moja ikikatika au kichwa kikibanwa vibaya, kifaa kinarudi kwenye Mbps 100 kimyakimya. Badilisha waya huo kwa Cat5e mzima, ambao unabeba Gbps 1 hadi mita 100.

Udhaifu wa faiba ni mmoja na haukwepeki: wachimba barabara. Ikikatwa, kuunga kunaweza kuchukua siku. Weka bando dogo kwenye simu kwa ajili ya siku hizo.

Kama eneo lako lina waya wa kebo ya televisheni badala ya faiba, nao ni mzuri kwa kushusha, ila kupandisha huwa ni kudogo na jioni majirani mnagawana.

2. Rauta ya laini ya simu, 5G au 4G

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu rauta ileile inaweza kutoa Mbps 80 nyumba hii na Mbps 4 nyumba ya pili. Usinunue kabla ya kupima. Chukua simu yenye laini ya kampuni hiyohiyo, nenda mahali pale rauta itakapokaa, pima saa mbili hadi saa nne usiku, siku tatu tofauti. Kipimo cha asubuhi kinadanganya.

Vijiti vya mtandao usiviamini. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, nenda "kuhusu simu", kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kwa 4G, RSRP (nguvu ya mawimbi yenyewe) ya -80 au bora zaidi ni nzuri sana, hadi -95 inafaa, kati ya -95 na -105 inachechemea, na ikipita -110 usinunue bila antena ya nje. Ukiweza kuona SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele), hiyo ina maana zaidi: juu ya 20 safi, chini ya 0 utateseka hata mawimbi yakiwa na nguvu.

Mawimbi yakiwa mazuri na kasi mbaya, mnara umejaa. Hapo hakuna rauta ya bei yoyote itakayokuokoa. Jaribu laini ya kampuni nyingine.

Kuhusu rauta yenyewe, angalia daraja lake la 4G, nalo huandikwa Cat lakini si Cat ile ya waya. Cat 4 mwisho wake ni Mbps 150 kushusha na 50 kupandisha, tena hizo ni za maabara. Cat 6 inaunganisha masafa mawili kwa pamoja na kufika 300, na faida yake huonekana mnara ukiwa umebanwa. Kwa nyumba, anzia Cat 6. Linganisha pia masafa yaliyoandikwa kwenye boksi na yale kampuni yako inayotumia, hasa rauta ikiwa imetoka nchi nyingine. Masafa ya 700 na 800 MHz yanapenya kuta lakini hubeba kidogo. 1800 na 2600 hubeba zaidi na huchoka mapema. 5G ya 3.5 GHz hubeba sana na huzuiwa na ukuta mmoja tu wa zege. Kwa hiyo rauta ya 5G hukaa dirishani upande wa mnara. Haikai nyuma ya televisheni. Kioo chenye rangi ya kuakisi jua nacho huzuia mawimbi, wengi hawalijui hili.

Ukihitaji antena ya nje, nunua rauta yenye matundu yake, kwa kawaida SMA au TS-9, na waya uwe mfupi, mita 3 hadi 5. Waya mwembamba wa mita 10 unaweza kumeza faida yote ambayo antena imeileta.

Halafu kuna kufungwa. Rauta nyingi za kampuni hazikubali laini nyingine, na vifurushi vingi vya "nyumbani" vimefungwa kwenye IMEI (namba ya utambulisho) ya rauta moja. Ukihamishia laini kwenye kifaa kingine, bando linakataa. IMEI iko kwenye kibandiko cha chini. Kwa rauta iliyokwisha kutumika, chomeka laini tofauti mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela.

Kuhusu "bila kikomo": tafuta kipengele cha matumizi ya haki. Video ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa. Saa nne kwa siku ni GB 12, na kikomo kikiwa GB 200, siku ya 17 umeshakifikia. Baada ya hapo utaishi kwa Mbps 1 au 2 mpaka mwezi uishe. Uliza kasi ya baada ya kikomo ni ngapi, na ijibiwe kwa maandishi.

Mwenye kamera za ulinzi aangalie kitu kimoja zaidi. Fungua ukurasa wa rauta na usome anwani ya IP iliyopewa. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unagawana anwani na wateja wengine na hutaweza kuifikia kamera moja kwa moja kutoka nje. Kamera zinazopitia programu ya mtengenezaji zitafanya kazi. Nyingine zinahitaji uombe anwani ya umma.

3. Setilaiti za karibu na dunia

Setilaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi hutoa huduma yenye kuchelewa kwa milisekunde 25 hadi 60, ambayo inatosha kwa mikutano ya video. Kwa asiye na faiba wala mnara wa maana, hii inapanda hadi namba moja. Iko ya tatu kwa sababu ya bei ya vifaa na umeme.

Sahani ya kawaida hutumia wati 50 hadi 100 kulingana na toleo, yaani kWh 1.2 hadi 2.4 kwa siku ikiwa haizimwi. Anayetumia sola aipige hesabu hiyo kwanza. Kosa la pili ni miti. Tawi moja linaloingia kwenye eneo la kuonea litakukatia mawasiliano sekunde chache kila baada ya muda, na simu ya video haisamehi. Tumia programu ya kampuni kupiga picha ya anga ukiwa juu ya paa, pale hasa sahani itakapokaa. Hakikisha pia huduma imeruhusiwa kisheria nchini mwako.

4. MiFi na hotspoti ya simu

Ni za safari na dharura. MiFi, yaani rauta ndogo ya mfukoni yenye betri, ina antena ndogo, na boksi likisema vifaa 16, fikiria vitano. Ukiiacha kwenye chaji mchana na usiku, betri inaweza kuvimba. Kama modeli yako inakubali kufanya kazi bila betri, itoe. Ukitumia hotspoti kwa kompyuta, iambie kompyuta kwamba mtandao huo una kikomo, la sivyo masasisho yatamaliza bando kabla hujafungua barua pepe.

5. Setilaiti za mbali, na waya wa shaba wa simu

Setilaiti ya kilomita 35,786 ina kuchelewa kwa takriban milisekunde 600. Mtaongea mkigongana. Waya wa shaba unategemea umbali kutoka kwenye kituo: ukipita kilomita moja, kasi inaporomoka.

Umeme wa kukatika

Rauta nyingi hutumia volti 12, ampea 1 hadi 2. UPS ndogo ya rauta (betri ya akiba) hutangazwa kwa mAh, lakini namba hiyo ni ya volti 3.7. Kwa hiyo 8800 mAh ni Wh 32 hivi, na baada ya upotevu zinabaki kama 26: saa tatu kwa rauta ya wati 8, chini ya mbili ukiongeza kifaa cha faiba. Pima pia kichwa cha waya. Kipo cha 5.5 × 2.1 mm na cha 5.5 × 2.5 mm, vinafanana kwa macho. Cha 2.5 kwenye pini ya 2.1 kitaingia kikiwa kimelegea, na rauta itakuwa inajizima na kujiwasha.

Karatasi za kampuni

Kabla ya kusaini, pata majibu manne kwa maandishi: mkataba ni wa miezi mingapi, notisi ya kuvunja ni siku ngapi, kifaa ni cha nani, na kuhama nyumba kunagharimu nini. Mapatano ya simu hayana shahidi.

Kasi ikishuka, usipime kwa wifi. Chomeka kompyuta kwa waya, pima asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu, hifadhi picha za skrini zenye saa. Kila ukipiga simu omba namba ya tiketi na uiandike pamoja na tarehe. Mtoa huduma akikuambia uwashe upya kwa mara ya nne, mtajie tiketi tatu za nyuma na uombe fundi. Yakishindikana, kumbukumbu hizo ndizo utakazozipeleka kwa mamlaka ya mawasiliano.

Na ukiacha huduma, rudisha kifaa pamoja na adapta yake, na udai risiti yenye namba ya utengenezaji (serial) iliyo kwenye kibandiko. Bila hiyo karatasi, ankara ya "kifaa kilichopotea" inaweza kukufuata miezi mingi baadaye.