Faseolotoksini au siringomisini: nani anayewasha jeni za sumu?

Bakteria wa Pseudomonas syringae, wanaoshambulia mimea, wana aina nyingi, na si zote huwasha jeni za sumu kwa ishara ileile.

Aina ya phaseolicola, inayoacha madoa yenye duara la njano kwenye majani ya maharage, hufuata hali ya joto. Kwenye nyuzi 18 hivi za Selsiasi hutengeneza faseolotoksini kwa wingi. Kwenye 28 karibu haitengenezi kabisa. Sumu hiyo huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kutengeneza arginini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Bakteria naye hukihitaji, kwa hiyo ubaridi uleule huwasha jeni ya argK, inayompa kimeng'enya kisichodhurika. Hilo ndilo linalonistaajabisha zaidi: sumu na kinga yake huamka pamoja.

Aina ya syringae hungoja ishara ya mmea wenyewe. Abutini, kemikali iliyomo kwenye majani ya mpeasi, pamoja na sukari kama fruktosi, huchochea jeni za siringomisini, sumu inayotoboa utando wa seli. Protini za bakteria ziitwazo GacS na GacA nazo zina mkono katika kuwasha jeni hizo.

Mkulima wa maharage wa nyanda za juu, kwenye ubaridi na mvua, aihofie zaidi ile ya kwanza.