TAHADHARI Tanga: jamaa wa boksi la spana "la Ujerumani" anabadilisha mzigo

Wana Tanga habari zenu, naandika kidole kimefungwa bandeji kwa hiyo mnivumilie herufi zikiruka. Kuna jamaa anatembeza vifaa vya ufundi kwenye pikapu, mimi nilikutana naye Ngamiani jumamosi na jirani yangu anasema kamuona Kange karibu na stendi, anauza yale maboksi ya spana vipande 108, anaanzia laki mbili na themanini, mzigo wa Ujerumani eti umetoka bandarini jana, mnavutana weee mpaka elfu tisini na wewe unaondoka unajiona mjanja. Nilijiona mjanja kweli.

Mchezo wenyewe uko hivi. Boksi la kuonyeshea watu ni zima kabisa, anatoa soketi anaiweka juu ya kipande cha reli anaitwanga nyundo, haibonyei, anakupa uishike, nzito, safi. Ukishalipa hakupi lile, anaingiza mkono nyuma ya pikapu anakutolea lingine limefungwa nailoni, "chukua hili braza, hata vumbi halijaingia". Na mimi nikaona poa, kwanini nichukue lililoshikwashikwa na kila mtu. Basi ndo nikauziwa mbuzi kwenye gunia hivyo, mchana kweupe.

Nyumbani nachana nailoni, kila kitu kimeandikwa Cr-V, yaani chuma kigumu cha kromu na vanadiamu, hadi bisibisi. Hayo maandishi yasiwazuzue, kugonga herufi tatu kwenye bati hakuhitaji leseni. Kuhesabu soketi, za milimita 13 ziko tatu na za 12 hakuna hata moja! Wenye Toyota mnajua, gari za Kijapani bolti zake ni 10, 12, 14, 17, hiyo 13 kwenye IST yangu utaitafuta kwa tochi.

Nikaanza na kumwaga oili, bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni 14. Soketi yao ina meno 12 ndani halafu imelegea kama kiatu cha kuazima, mzunguko mmoja kichwa cha bolti kimeliwa. Nikasema ngoja nifungue tairi, nati 21, na kabla hamjanirukia SIKUWEKA bomba la kurefusha handeli, ni mkono tu, soketi ikapasuka ubavuni na vidole vikaenda kwenye fenda. Nati hizo zinakazwa kwa nguvu ya kama Nm 103 (nyutoni mita) tu, wili spana ya kwenye buti inazifungua bila kelele. Pale ilipopasuka chuma ndani ni chembechembe kama sukari guru.

Namba aliyonipa haipatikani. Lipa namba ilileta jina la duka la vipodozi, nikaliona kabisa, nikaweka namba ya siri hivyo hivyo. Bidhaa feki ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, ila naenda na nini, risiti ya EFD sina, duka hana, namba za pikapu sikuangalia.

Kwa anayetaka kuanza kujitengenezea gari nyumbani, achana na vipande 108, nusu yake hutovigusa maisha. Nunua mojamoja kwenye duka lenye mlango na risiti, ring spana 8 mpaka 19, soketi za saizi hizo hizo lakini zenye kona 6 ndani, hizo zinashika ubapa wa nati, za meno 12 zinashika kona tu na kona ndo zinaliwa. Plagi za IST ni soketi ya 16, tafuta yenye mpira ndani. Nenda na bolti zako mfukoni uzijaribu palepale, ikichezacheza rudisha. Kromu ikiwa na vipele usichukue, kwa chumvi ya bahari yetu hii miezi miwili tu inabanduka na kutu juu. Na kile ulichokishika kwa mkono wako ndo hicho hicho ulipie, akisema anakuletea kipya mwambie hichi cha zamani ndo nakitaka.

Bolti ya sampu bado imegoma. Fundi mmoja wa Makorora kaniambia nigongelee soketi ya 13 kwa nyundo juu ya hicho kichwa kilicholiwa itabana. Nilikuwa nazo tatu, sasa hivi imebaki moja.