Nilimpeleka mama sinema: kutoka Kigamboni hadi Mlimani City, na tulipoishia

Mtaani kwetu Kigamboni hakuna sinema ya viti vya kuegemea. Ukiitaka, unavuka. Niliamua kumpeleka mama kwa sababu kila tukipita Msasani ananionyesha ulipo Ubalozi wa Marekani na kunikumbusha kwamba hapo ndipo ilipokuwa Drive-In, ile iliyofunguliwa 1966, na kwamba utotoni mwake alikwenda na mjomba wake kuangalia picha wakiwa ndani ya gari.

Tulianza na ukumbi mmoja wa mjini. Picha ilichelewa dakika 40 na hakuna mhudumu aliyekuja kutuambia neno. Kiyoyozi nacho kilikuwa kikali, magoti yakaanza kumuuma mama. Pale simrudishi.

Safari ya pili tulikwenda Mlimani City. Ni mwendo hasa: pantoni, mwendokasi kutoka Kivukoni mpaka Ubungo, halafu daladala za Mwenge zinazopita Sam Nujoma. Lakini ukikaa kitini unasahau uchovu. Sauti unaisikia mpaka kifuani, na skrini ni safi, giza la usiku kwenye picha ni giza kweli. Nilifurahi sana. Baada ya nusu saa mama akaninong'oneza: "Mwanangu, huyu ndiye steringi au adui?"

Picha ilikuwa ya Kiingereza, bila maandishi ya Kiswahili chini. Nikaanza kumtafsiria taratibu, watu wa mbele wakageuka, nikanyamaza. Iliniuma kumwona ameshika bisi zake bila kula, anasubiri iishe tu. Tiketi, bisi na maji vilishatutoa zaidi ya 30,000.

Siku chache baadaye nikampeleka kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha nyuma ya soko letu. Kiingilio 500. Walikuwa wanaonyesha picha iliyotafsiriwa, ile kazi ambayo wengi wetu Dar tuliizoea kwa sauti ya mtafsiri Lufufu. Mtafsiri haishii kwenye maneno ya wahusika. Anakueleza kwa nini adui ana kinyongo, anampa steringi jina la Kiswahili, anakukumbusha yule mzee aliyeonekana mwanzoni ni nani. Mama alicheka, akamtukana adui, akabishana na kijana wa benchi la nyuma kama yule dada amesaliti au ametishiwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa ananisimulia picha ambayo na mimi nilikuwa nimeiangalia.

Kibanda kina shida zake, tena si ndogo. Benchi ni la mbao, joto ni la kweli, na sauti ya mtafsiri inafunika muziki wote wa picha. Umeme ukikatika ndiyo basi. Na Simba au Yanga wakicheza, picha inaondolewa bila mjadala, kwa hiyo soma kwanza ule ubao wa chaki pale mlangoni.

Mimi mwenyewe Mlimani City nitarudi, mchana, nipate muda wa kuvuka kabla foleni ya pantoni haijawa kubwa. Ila kama unampeleka mzazi asiyejua Kiingereza, mpeleke kwenye tafsiri, na mbebee mto wa kukalia. Mama ameshamwambia mwenye kibanda amwekee nafasi ya karibu na feni Jumatano.